Tarehe Kumi na Mbili

Karani wa tiketi, kijana mwenye kucha safi,
aliniandikia kwenye karatasi:
kuondoka Santiago, tarehe kumi na moja Novemba,
saa tano na nusu usiku;
kufika Auckland, tarehe kumi na tatu, saa kumi alfajiri.
Nikamwuliza, na kumi na mbili je?
Akacheka. Hiyo, mama, huishia baharini.

Mimi nimezaliwa tarehe kumi na mbili.

Nyumbani Coyhaique nina ramani ya Nahuel ya shuleni.
Chile iko kushoto, imebana kama ufa wa ukuta;
alipo yeye ni kule chini kulia, karibu na msumari.
Miaka sita nilidhani mwanangu alipita juu ya Afrika
ili akanyoe kondoo wa watu.
Jirani yangu Eleuterio, mwalimu mstaafu, ndiye aliyeleta tufe,
akaniomba uzi wa sufu,
ncha moja huku, ncha moja kule,
akauvuta hadi ukakaza.
Uzi haukwenda magharibi. Ulizama kusini,
ukaipapasa barafu, ndipo ukapanda.
Njia fupi, akasema, ndiyo hii iliyopinda.
Akauweka uzi mezani, nami nikaupima kwa kiganja:
shubiri moja.
Yeye alihesabu kilomita elfu tisa na mia sita na ushei.
Mimi nilibaki na shubiri yangu.

Sindano zangu za mianzi walizigeuzageuza,
wakanirudishia.
Kiti cha mbele yangu kilikuwa na kioo chenye tarakimu:
zilizobaki, zilizopita,
nje baridi hasi hamsini na mbili,
na upepo usoni.
Kwenda saa kumi na mbili na nusu, kurudi kumi na moja;
kumbe hata huko juu
kumfuata mtoto ni kupanda mlima.
Nikafuma. Mstari wa kijivu, mistari miwili ya kijani.
Saa ya mkononi, ya marehemu Lautaro,
ilisema ni kumi na mbili, na sikuibishia.
Niliomba mkate wa pili, nikaula taratibu gizani,
watu wote wamefunika nyuso kwa blanketi,
nikajiambia hongera, kwa sauti ndogo,
nisimwamshe jirani.
Mkono mmoja wa sweta ukakamilika
mahali ambapo hapakuwa na tarehe.

Afisa wa pasi alisoma, akainua macho:
jana ilikuwa siku yako ya kuzaliwa.
Jana yako, nilimjibu kwa Kihispania. Hakunielewa.
Akagonga muhuri.

Nahuel alikuwa amesimama nyuma ya kamba.
Mgongo wake umepinda, kondoo mia mbili kwa siku,
umepinda kama ule uzi.
Kando yake mtoto mwenye viatu vyekundu,
Kahurangi, ambaye nilimjua kwa picha moja,
picha niliyoipima kwa rula, nikazidisha,
nikapata urefu wa mkono.

Huko Te Kuiti, jikoni kwao, nilimvisha.
Mkono wa sweta ulimwishia juu ya kifundo,
vidole vinne kamili.
Mkwe wangu akasema haidhuru, utafaa kiangazi.
Mtoto akanyoosha mikono yote miwili, akaitazama, akacheka,
ngozi ile ikibaki wazi,
na hakuna tiketi iliyokuwa imeniandikia hiyo.
Usiku nilikaa kitandani nikaufumua mkono wote,
uzi ukarudi mapajani umejikunjakunja
kama nywele zilizofumuliwa.

Kurudi ni tarehe ishirini na saba Januari,
naondoka saa kumi na mbili jioni,
nafika Santiago siku hiyo hiyo, saa saba mchana,
yaani nafika kabla sijaondoka.
Karani alisema ndivyo watakavyonirudishia siku yangu.
Sawa. Lakini ishirini na saba Januari!
Sina hata mtu mmoja ninayemjua
aliyezaliwa siku hiyo.